Kware wa soya na tangawizi kakuharibikia? Tuangalie shida iko wapi

Desemba mwaka juzi tulikuwa na kipaimara cha mtoto wa shemeji kule Machame, nikajitia kimbelembele nikasema mbuzi wachome wengine, mimi naleta kware 30 wa kuchoma kwa mtindo wa Kichina. Nikawaloweka usiku kucha kwenye ndoo, sosi ya soya ya kutosha, asali, tangawizi mbichi ya kutwanga, ndimu nikakamua kama natengeneza juisi. Asubuhi nikawasha mkaa wa maana, moto unacheka, nikawapanga kwenye wavu wote 30 kwa mpigo. Dakika 5 nyingi, ngozi nyeusi tii. Baba mdogo akachukua mmoja, akamgeuzageuza, akambinya paja, damu ikachuruzika mpaka kwenye sahani, akaniangalia akasema "Mwanangu, hiki kifaranga umekiokoa kwenye nyumba iliyoungua?" Ukumbi mzima kicheko, mimi nikaenda kusimama karibu na pipa la mbege nikajifanya nahesabu vikombe.

Sasa ukiangalia vizuri siku ile nilikuwa na karibu matatizo yote kwenye sahani moja: nje kaungua, pajani mbichi, kifuani nyama imelegea kama uji wa mtoto, na chumvi ya kukausha ulimi. Tangu hapo nimechoma wengi sana, nafuga wachache hapa mtaa wa Pasua, Moshi, na wikiendi nawachomea watu wa mtaani, na kila wiki kuna mtu ananiuliza kitu kilekile, "mbona wangu hawatoki kama wako". Nikimuuliza kafanyaje nakuta kamfanya kama kuku. Hapo ndo shida ilipo. Kware akishasafishwa ana gramu 120, 150, akijitahidi 180 hivi, kuku wa nyama ana kilo moja na zaidi, kwa hiyo kwa kware chumvi inaingia haraka, anaiva haraka na anakauka haraka. Kuku ukimsahau dakika 3 hakuna atakayejua, kware ukimsahau dakika 3 umechoma hela.

Kwanza niwape viungo ninavyotumia ili tukianza kuongea makosa tuwe tunaongea kitu kimoja. Kware 6: soya vijiko vya chakula 3, tangawizi ukubwa wa kidole gumba (ya Same ni kali, punguza), kitunguu saumu punje 4, mafuta ya kupikia kijiko 1, mafuta ya ufuta kijiko cha chai 1 ukiyapata, pilipili manga, mdalasini wa unga robo kijiko cha chai, karafuu 2 za kusaga. Wachina mchanganyiko wao wa viungo vitano unakuwa na shamari na ile anisi ya umbo la nyota pia, ukipata weka, usipopata usilie. Asali vijiko 2 na ndimu vinakaa pembeni kwenye bakuli lao, HAVIINGII kwenye kulowekea, sababu inakuja.

Haya, twende na dalili.

Nje mweusi, ndani mbichi

Hii ndo kesi namba moja na mara nyingi mtuhumiwa ni asali. Asali inaanza kugeuka rangi kwenye nyuzi kama 110 tu, sukari ya kawaida mpaka ifike kama 160, na wavu uliokaa juu ya mkaa uliokolea unapita 200 bila shida, sasa wewe umempaka ndege asali toka jana halafu unamlaza pale, unategemea nini? Ngozi inaungua kabla joto halijafika kwenye mfupa wa paja. Na hata kama hukuweka asali angalia chupa ya soya yenyewe, geuza usome nyuma, zile soya nyeusi nzito nyingi zina sukari ndani, zimewekwa kwa ajili ya rangi zaidi kuliko chumvi. Ile nyepesi, ya majimaji, ndo ya kulowekea. Mimi nilikaa miezi nikilaumu mkaa kumbe chupa.

Kwa hiyo tamu inapakwa mwisho. Kware akishaiva, zikibaki dakika 2, unachukua brashi unampaka asali iliyochanganywa na soya kidogo, unamgeuza, unampaka upande wa pili, mara akianza kung'aa na kutoa vipovu vidogo unamtoa. Usiondoke hapo kwenda kupokea simu. Nimesema dakika 2.

Mtuhumiwa wa pili ni moto wenyewe. Mkaa ukiwa bado unawaka na miale huo si moto wa kuchomea, ni wa kuotea baridi ya Julai. Subiri mpaka uvae jivu jeupe, kisha usogeze mwingi upande mmoja, upande wa pili uache mchache. Jiko letu la kawaida la mkaa ni dogo na duara ila bado inawezekana, mkaa uupeleke nusu. Weka kiganja juu kidogo ya wavu uhesabu taratibu, ukitoa mkono kabla ya tatu moto ni mkali sana kwa kware, ukifika tano sita hapo sawa. Anakaa upande mpole mpaka aive, anamalizia upande mkali kwa ajili ya rangi. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaanza na mkali "afunge maji", hakuna cha kufunga maji, nyama haina mlango.

Na ya tatu, umbo. Kware mzima ni kama kampira, kifua kiko nje kinapigwa moto, paja limejikunja kwa ndani halioni joto. Chukua mkasi wa jikoni, kata pembeni ya uti wa mgongo pande zote mbili, utoe ule uti (usitupe, supu), umfungue, umlaze kifua juu halafu umgandamize na kiganja mpaka usikie kale kamlio, krak. Sasa yuko bapa kama kitabu kilichofunguliwa, unene sawa kila mahali. Chomeka vijiti viwili viwe kama X ili asijikunje. Anza upande wa mifupa dakika 5 hivi, geuza upande wa ngozi 3 au 4, paka asali, toa. Jumla dakika 10 na kidogo. Chalii mmoja wa Arusha ana sehemu yake ya kuchoma pembeni ya barabara alinibishia kwamba mzima ndo anapendeza kwa mteja, nikamwambia sawa, mteja anakula kwa macho? Sasa hivi anawapasua wote.

Kifua kikavu, unatafuna kama karatasi

Kware hana mafuta, kifua chake ni chembamba, kikipita kuiva kwa dakika mbili tu kimeenda. Sababu ya kawaida ni kuogopa damu, mtu anaona wekundu kidogo kwenye mfupa wa paja anamrudisha motoni, anarudisha tena, mpaka anakausha. Jamani, kware wanachinjwa wakiwa wadogo, wiki 5 mpaka 7, mifupa yao bado laini na uboho unavujisha rangi, kwa hiyo karibu na mfupa panaweza kubaki pekundu hata kama nyama imeiva. Cha kuangalia ni maji yanayotoka ukichoma na ncha ya kisu pale paja linapoungana na mwili, yakiwa angavu na nyama haina ule ubichi wa kung'aa, kaiva. Ukiwa na kipimajoto cha nyama ndo mwisho wa ubishi, nyuzi 74 kwenye paja, usiguse mfupa. Mimi nilinunua baada ya lile tukio la Machame, na baba mdogo nikamwonyesha namba ilivyosoma, akaitikia kichwa tu, hakusema kitu, kwangu hiyo ilitosha.

Ila kuna sababu nyingine ambayo haisemwi. Wauzaji wengi wanamchuna badala ya kumnyonyoa. Kware ana manyoya madogo madogo yanayochosha, kumchuna ni sekunde kama 20, unavuta ngozi inatoka na manyoya yote kama shati. Sasa ndege asiye na mafuta, halafu umemvua na ngozi, unamweka kwenye mkaa, atakosaje kukauka? Ukienda kununua sema mapema unataka wa kunyonyolewa, ongeza hela kidogo kama ni lazima. Ukikuta wameshachunwa wote, basi usiwachome hivyohivyo, wapake mafuta mengi kuliko kawaida, punguza dakika, au wakaange wakorogwe na sosi, wanakuwa wazuri tu.

Kwenye oveni sawa nao. Moto mkubwa muda mfupi, nyuzi 220, kware mzima dakika 15 mpaka 18. Wenzetu wanaomwacha kwenye nyuzi 160 kwa saa nzima "aive taratibu" wanatengeneza ubao. Akitoka mwache dakika 5 apumzike kabla hujamkata.

Nyama imelegea, haina mshiko, kama imetafunwa tayari

Hii inawachanganya watu sana maana wanaona wamelainisha, kumbe wamepitiliza. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata nyama, papai bichi linacho chake, nanasi nalo hivyohivyo. Kwenye nyama ya ng'ombe ngumu ni msaada, kwenye kware ni balaa, wale wanamalizia kazi ndani ya saa chache. Na ndimu nayo inapika nyama juujuu, utaona imegeuka nyeupe hata haijaona moto, hiyo si kulainika, ndo inaanza kuwa ya unga unga.

Dawa ni rahisi, chemsha soya na tangawizi na kitunguu saumu pamoja dakika 2 kwenye sufuria ndogo, iache ipoe KABISA, ndo uloweke. Kile kimeng'enya kinakufa kwenye moto, harufu na ladha zinabaki. Mama mmoja jirani yangu anatumia tangawizi ya unga na hapati shida hiyo, pia ni njia, ila mimi ule ukali wa mbichi naupenda. Ndimu kamulia mezani.

Chumvi kali

Kijiko kimoja cha chakula cha soya kina chumvi kama gramu 2 na ushee. Kware 6 wana kama gramu 900 za nyama, vijiko 3 vinakupa gramu 7 hivi, inatosha kabisa, HUONGEZI chumvi nyingine wala kile kimchuzi cha vipande cha kwenye kaboksi, maana nacho ni chumvi tupu. Watu wanakosea wanapomimina nusu chupa ili "wazame". Hawatakiwi kuzama, wanatakiwa wapakwe. Weka kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, ukande ukande, kila ndege anapata. Saa 1 inatosha, saa 2 safi, saa 4 mwisho. Usiku kucha tuwaachie wenye bata na kanga.

Kama yameshatokea, yaani umeamka asubuhi ndo unasoma hapa na ndege wako kwenye ndoo toka jana, watoe, suuza na maji baridi haraka, waloweke kwenye maji safi nusu saa, kausha, halafu kwenye asali ya mwisho usitie soya hata tone, tia ndimu. Na wapelekee na ndizi za kuchoma zisizo na chumvi. Hawatakuwa wale wa kusifiwa ila watalika.

Viungo vimebaki juu, ndani hamna ladha

Hapa ni kinyume, na mara nyingi mtu anaongeza muda wa kuloweka, anaishia kwenye tatizo la juu. Ukweli ni kwamba mdalasini, karafuu, kitunguu saumu, hivi vyote vinaingia milimita chache tu hata uloweke wiki, chumvi ndo inayotembea mpaka ndani. Kwa hiyo usimlaumu mdalasini. Cha kufanya weka viungo upande wa ndani pia, kwenye mbavu, ukishampasua unapafikia vizuri, inua ngozi ya kifua na kidole taratibu (inachanika kirahisi, kucha kata kwanza) upitishe kidogo chini yake, halafu uwe na sosi ya kuchovyea. Wavietnam kware wao wa kuchoma wanamla na kitu kidogo sana, chumvi, pilipili manga na ndimu, unakamua mwenyewe mezani unachovya. Nilipojaribu hiyo niliacha kutengeneza zile sosi zangu ndefu. Pilipili kichaa moja ukiikatia humo ndani, aisee.

Ile soya uliyolowekea usiifanye sosi hivihivi, imekaa na nyama mbichi. Ukitaka kuitumia ichemshe itokote vizuri dakika kadhaa, au imwage.

Ngozi laini kama imechemshwa

Maji. Umemtoa kwenye viungo anachuruzika ukamweka motoni, kwa hiyo dakika za mwanzo anachemka, hachomeki, na ngozi ikija kukauka nyama imeshapita. Mtoe, mfute kote na tisyu ya jikoni, usiogope kwamba unafuta viungo, vilivyoingia vimeingia. Ukiwa na nafasi kwenye friji mlaze kwenye wavu bila kumfunika saa moja au mbili. Asiye na friji atafute sehemu yenye upepo na kivuli, afunike na wavu wa nzi, nusu saa tu si zaidi, hasa ukiwa Moshi mjini mwezi wa pili, joto lile halina mzaha na nyama. Wachina kwenye bata wao wa Beijing wanammwagia maji ya moto ngozi ikaze halafu wanamning'iniza akauke masaa, akili ni ileile, ngozi kavu ndo inayokauka vizuri motoni.

Na usimfunike na foili. Foili inatega mvuke, ukimfunika unarudi kulekule.

Ananata kwenye wavu

Wavu wa baridi au mchafu. Uache ushike moto kwanza, usugue, pitisha nusu ya kitunguu maji kilichochovywa mafuta. Halafu usimvute, akiwa tayari kugeuka anaachia mwenyewe.

Uchungu, au harufu usiyoielewa

Uchungu unaokuja nyuma ya ulimi, upande wa tumbo, ni nyongo imepasuka wakati wa kutoa matumbo. Nyongo ya kware ni kadogo kama punje ya dengu, inapasuka huoni. Ukiona rangi ya kijani kwenye nyama kata hapo utupe, kuosha hakusaidii. Harufu ya damu nzito ni mapafu, yale mekundu yaliyojibana kwenye mbavu, watu wanayaacha kwa sababu hayatoki kwa kuvuta, yakwangue na ncha ya kijiko cha chai. Angalia pia shingoni kile kimfuko cha chakula kama kimetolewa, nimeshakuta pumba ndani ya ndege wa mteja.

Ladha ya mafuta ya taa ni wewe na uvivu wako wa kuwasha mkaa. Ladha ya moshi mchungu ni mafuta yanadondoka kwenye moto unawaka miale, msogeze upande mpole.

Kila kitu umefanya sawa lakini mgumu

Muulize aliyekuuzia ana umri gani. Wafugaji wakimaliza kukusanya mayai wanauza wale majike wazee kwa bei nzuri, unadhani umeokota dodo, kumbe ndege katagia karibu mwaka mzima. Kwa macho ni vigumu kumjua akishanyonyolewa, ila binya ncha ya mfupa wa kidari, kwa mdogo inapinda kama gegedu, kwa mzee ni ngumu haijongei. Yule hachomeki, usihangaike.

Na kabla hujaniuliza, wale kwale na kanga wa porini unaoonyeshwa pembeni ya barabara hao achana nao kabisa, bila kibali hao ni nyara za serikali, utalala ndani kwa ajili ya mshikaki.

Sasa yule mzee mfanye hivi. Soya, tangawizi, mdalasini kijiti kizima, sukari guru kipande, maji yamfikie nusu, funika, moto mdogo. Moshi mjini kama saa moja anakuwa amelainika, Arusha muongezee dakika 15 au 20 kwa sababu mko juu, kama mita 1,400, maji yenu yanachemka kwenye nyuzi kama 95 na nyama ngumu inalijua hilo. Mchuzi ukishakuwa mzito unamtoa, unamweka kwenye wavu dakika 2 kila upande ashike rangi, mchuzi unaumwagia kwenye wali. Mwaka jana Desemba Machame nilipeleka hao wazee 12 kwenye sufuria, kipaimara cha mdogo wake yule wa kwanza. Baba mdogo alipakua mara mbili, mara ya tatu akatuma mtoto.